Mlango wa Mgongoni

Mlango wa nyuma niliuchora mimi. Kwa karibu miaka thelathini nimesema siujui. Nilisema hivyo kwanza kwa Kifaransa, mbele ya mkubwa wangu wa kazi, nikiwa nimesimama wima kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Baadaye nilisema kwa Kiswahili, kwa watu walioniuliza kwa udadisi tu, na mwishowe sikuhitaji kusema lolote kwa sababu hakuna aliyeuliza tena, na mtu asiyeulizwa hujiona mkweli. Nimeandika insha nyingi tangu hapo. Baadhi zinahusu ujasiri wa raia, na moja, Mungu anisamehe, inahusu wajibu wa kukiri makosa. Hiyo ndiyo iliyosifiwa zaidi.

Kilichonirudisha kwenye mlango huo ni kifo. Baba Kalenga, mchonga sanamu, alifariki mwanzoni mwa mvua akiwa mzee kabisa, nami nikaenda matangani kwake Kasungami nikiwa na kilemba cheusi na hotuba fupi ambayo hakuna aliyeniomba. Ua ulijaa watu. Karakana yake ilikuwa pembeni: nguzo sita na mabati juu, bila ukuta hata mmoja, magogo yamelala chini na vipande vya mti vikikanyagwa na waombolezaji. Kwenye kiti cha mbele, kando ya mjane, alikaa mwanamume mnene mwenye mvi na viatu vilivyong'aa kupita kiasi kwa matope yale. Nilimtambua kwa viatu. Nitamwita Donatien. Hilo si jina lake, wala Kalenga si jina la marehemu, na sababu itaonekana mwishoni. Mimi na Donatien tulichora kwenye meza moja mwaka mzima, na mwaka huo uliisha yeye akipandishwa treni ya kurudishwa kwao Kasai kwa kosa langu. Sikujua kwamba alirudi. Sikujiuliza kwa nini amepewa kiti cha mbele; nilichojiuliza ni njia ya kutokea iko wapi. Hotuba ilibaki kwenye mkoba, nikapita nyuma ya sufuria za bukari, ugali wa kwetu, nikaenda zangu. Nyumbani nilimwandikia barua ya kurasa nne yenye neno "dhamiri" mara sita, nikaweka namba yangu ya simu chini, nikampa katekista wa Kasungami amfikishie. Kisha nikakaa kando ya simu kama mwanafunzi anayengoja matokeo.

Sitaeleza nilizaliwa wapi na kwa nani. Hayo yako kwenye cheti changu cha ubatizo na hayana lawama. Naanzia kwenye chumba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka shule ya masista na Kifaransa safi na mkono mtulivu, na mkono huo ndio ulionipatia kazi kwa Musyu Lardin, msanifu majengo, katika mji ambao kwenye stempu uliitwa Elisabethville na vinywani mwetu uliitwa Lubumbashi. Ofisi yake ilikuwa nyumba ya kuishi iliyogeuzwa. Yeye alichukua chumba cha kulia, chenye madirisha matatu yaliyotazama mijakaranda. Sisi wanakili, yaani watu wa kuweka karatasi inayopitisha nuru juu ya mchoro wake wa penseli na kuufuata kwa wino, tulipewa iliyokuwa stoo ya vyakula. Kulabu za kutundikia nyama zilikuwa bado darini. Dirisha pekee lilipigiliwa mbao ili jua lisikunje karatasi. Kati yetu na Musyu palikuwa na kitundu cha ukutani chenye kibao cha kusukuma, ambapo zamani mpishi alipitisha sahani. Sasa ilipita michoro, na maneno pia, maana kibao hakikufunga vizuri. Karibu kila kitu nilichojua mwaka ule nilikisikia kupitia tundu la supu.

Jioni nilitoka mbio. Giza likiingia, mtu mweusi hakutakiwa kuonekana kwenye mitaa ya Wazungu bila karatasi ya ruhusa, na masista walionipa kitanda katika nyumba yao ya wasichana walifunga geti mapema zaidi ya giza, wasije wakalaumiwa. Stoo, barabara, geti. Tulikula wasichana kumi na wawili kwenye meza ndefu, bukari na mboga ya lengalenga, Ijumaa samaki mkavu, bila kuongea, huku sista mmoja akitusomea maisha ya watakatifu. Wengi wao, kwa bahati mbaya, walikuwa mabikira waliofungiwa minarani na baba zao. Masista walitaka tuwahurumie. Mimi niliwaonea wivu, kwa sababu minara yao ilikuwa na madirisha.

Donatien alikuwa na miaka ishirini na sita, Mkasai, na tayari alikuwa na miaka mitatu ndani ya stoo ile. Serikali ilikuwa imempa kadi ya kuthibitisha kwamba amestaarabika, naye aliiweka kwenye mfuko wa shati, ukingo wake ukichungulia kama leso. Koti alilitundika kwenye kulabu ya nyama. "Siku moja batanitundika na mimi," alisema, "na hautajua ni nyama gani." Aliniita Mademoiselle, kwa utani mwanzoni, kisha kwa mazoea. Kila asubuhi niliponing'iniza mkoba aliuliza bila kuinua kichwa: "Mademoiselle, leo kuko jua inje?"

"Sikuangalia."

"Kesho uangalie kwa ajili ya siye wawili. Mi ni muntu wa zamani humu, nilishasahau iko namna gani."

Alikuwa na desturi moja ambayo lazima niitaje, kwani kila kitu kilipita hapo. Kila karatasi ilikuwa na kisanduku kidogo kwenye kona ya chini, ambamo mnakili huweka herufi za jina lake kazi ikiisha. Donatien aliziweka kabla ya mstari wa kwanza. Alisema mtoto wa shule akipewa daftari jipya, anaandika jina kwanza, ndipo anaanza kukosea.

Kazi kubwa ya mwaka ule ililetwa na Madame Evrard, mwenyekiti wa chama cha mabibi wapenda sanaa. Chama chake kilikuwa kimemgundua Kalenga huko Kampemba, jambo lililowashangaza watu wa Kampemba, ambao walikuwa wakipita mbele ya nyumba yake kila siku kwenda sokoni. Walitaka wamjengee karakana pamoja na ukumbi wa maonyesho. "Lakini lisiwe sanduku la matofali," alisema kupitia tundu la supu. "Nataka jengo lizaliwe na sanamu zake." Hata leo naona lilikuwa wazo zuri. Aliacha sanamu moja kwa Musyu: mwanamke aliyeketi, urefu wa mkono mmoja, ameshika bakuli mapajani. Musyu aliiweka juu ya kabati, mgongo ukutani, akaitazama wiki tatu huku akivuta kiko.

Niseme haki: mtu yule aliijua kazi yake. Mikono miwili ya mwanamke ilikuwa kuta mbili zilizopinda, zikimpokea mgeni tangu nje. Bakuli likawa ukumbi wa mviringo, na nuru yake ilitoka juu tu, kwenye kioo cha paa. Ukingo wa bakuli ukawa ujia wa ghorofani, ambapo wageni wangezunguka wakitazama chini, na chini kabisa, katikati, angekaa Kalenga mwenyewe akichonga. Sanamu zilizokamilika zingesimama kwenye vishubaka vilivyofuata mpindo wa nyonga, kila kimoja na mwanga wake. Musyu aliona hata alama za tezo kwenye mti, ile mikato midogo ambayo Kalenga hakuilainisha, akataka lipu ya kuta iachwe na mikato hiyo hiyo, ili ukuta uwe na ngozi. Ngozi hiyo niliichora mimi, kistari kwa kistari, siku tisa. Siku ya tisa nilikuwa nimeipenda.

Kalenga aliitwa aone mfano wa jengo uliotengenezwa kwa karatasi ngumu. Alikuwa mtu mfupi, kimya, amevaa koti la kuazima lililomshika mabegani. Mimi niliitwa kutafsiri, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa katika chumba chenye madirisha kwa zaidi ya dakika mbili. Aliinama mezani muda mrefu.

"Iko muzuri," alisema. "Ni mwanamuke yangu kabisa. Mukono ni mukono. Bakuli ni bakuli." Akazunguka meza, akainama upande wa pili, akaugusa ukuta wa karatasi kwa kidole. "Na mugongo yake iko wapi?"

"Anasema nini?" aliuliza Musyu.

"Anasema ni nzuri sana."

Kalenga alinitazama. Hakujua Kifaransa, lakini alijua kupima, na maneno yangu yalikuwa mafupi kuliko yake. "Mutoto, umuambie. Bakuli ni ya kutia kintu. Sasa banatia mi. Kuko mulango moya tu, na iko mbele, kwenye bantu banaingilia. Mi nitatokea wapi?"

"Anashukuru," nilimwambia Musyu. "Ameguswa."

Musyu aliona aibu ya furaha, akamshika Kalenga mkono. Sitajitetea, ila nitaeleza. Wiki ile ile Musyu alikuwa ameahidi kuniandikia barua ya kunitambulisha kwenye shule ya uchoraji Ubelgiji. Nilitaka barua ile kama mtu aliye chini ya maji anavyotaka hewa, na nilihesabu kwamba msichana anayeleta malalamiko ya watu hapewi barua.

Siku chache baadaye Madame Evrard alikuja kunywa kahawa. Donatien aliweka kalamu chini. Sote wawili tulikuwa wasikilizaji wazoefu. Kalenga, alisema, atahamia humo humo, kwenye chumba kando ya stoo ya magogo. Atachonga mbele ya wageni alasiri tatu kwa wiki. Hatauza nje ya chama. Ufunguo atakuwa nao mlinzi wa mbele.

"Na amekubali?" aliuliza Musyu.

"Ameshaweka dole. Ni kwa faida yake, rafiki yangu. Kule Kampemba ndugu zake wanammaliza. Kila sanamu inaondoka na mjomba." Kijiko kiligonga kikombe. "Na yule msichana wako wa stoo, anayeongea vizuri, tutamhitaji pia. Awatembeze wageni. Atakaa hapo hapo, itakuwa rahisi. Nimeshafikiria sare."

"Anataka kwenda kusoma."

"Kusoma nini tena?"

Nilingoja jibu la Musyu. Nilisikia kiko kikigongwa kwenye kisahani cha majivu. "Tutaona," alisema. "Nitamchorea chumba."

Asubuhi yake mchoro wa penseli ulipita kwenye tundu: chumba cha mita mbili kwa tatu ndani ya unene wa mkono wa kushoto wa mwanamke, kimeandikwa "mwongozaji". Hakikuwa na dirisha, kwa kuwa mpindo wa ukuta haukuruhusu. Nilipewa mimi nikinakili. Nilichora kuta za chumba changu mwenyewe kwa wino mweusi, na kibaya zaidi nakumbuka kwamba nilijivunia kona zake, jinsi zilivyokutana bila kuvuka.

Donatien alitazama juu ya bega langu. "Hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Aa." Alifikiri. "Iko kubwa kupita hii stoo." Akafikiri tena. "Kidogo."

Usiku wa siku hizo silali vizuri hata nikiukumbuka leo, basi niuache. Nitasema lililotokea Jumamosi moja asubuhi, Musyu aliponiagiza nipanguse vumbi kwenye kabati lake. Niliinua sanamu, nikaigeuza. Mgongoni, kuanzia mabegani mpaka kiunoni, palikuwa na tundu refu, mkono wangu uliingia mpaka kwenye kifundo, na ndani mwanamke alikuwa mtupu, laini kama kibuyu. Miezi minne jengo zima lilikuwa limechorwa kutokana na sanamu ile, na hakuna aliyewahi kuigeuza. Nilidhani ni uharibifu. Kalenga alipokuja tena, kwa sababu ya karatasi fulani ya chama, nilimuuliza uani alipokuwa akingoja.

Alicheka kwa mara ya kwanza. "Ule ni mulango ya muti. Muti mubichi, ukiuacha na tumbo muzima, siku moya unapasuka, tena unapasuka pa sura, kwenye kila muntu anaona. Njo maana unautoboa mugongoni. Unapumua. Bazungu habageuzake sanamu, banaiwekaka ku ukuta." Kisha akaacha kucheka. "Ulimuambia ule bwana maneno yangu?"

"Nilimwambia, Baba."

"Yee anasema nini?"

"Anasema ataangalia."

Hivyo nikawa nimedanganya pande zote mbili, na kwa hesabu yangu hapo nilipaswa kuona aibu. Niliona joto tu, na kuta.

Wiki iliyofuata Donatien alivimba taya. Jino lilimpeleka hospitali siku nne, na mezani aliacha karatasi ya sakafu ya chini ambayo hakuwa ameianza, ila kwa kile kisanduku cha kona, chenye herufi zake mbili. Musyu aliitaka karatasi ile kabla ya Ijumaa. Niliichora mimi. Alhamisi, nikiwa nimefikia kuchora stoo ya magogo, niliacha nafasi ukutani, upande wa porini, sentimita sabini na tano. Kisha nikaweka ile robo duara nyembamba inayoonyesha mlango unafungukia wapi. Nilichora unafunguka nje. Ningependa kuandika kwamba nilimfikiria Kalenga, au ule mti unaopasuka usoni. Nilifikiria chumba changu cha mita mbili kwa tatu, ambacho kilikuwa hatua nne kutoka pale. Halafu nikatazama kona. Wino ulikuwapo, na nafasi ya kuongeza herufi zangu ilikuwapo. Nilipuliza karatasi ikauke.

Musyu alitia sahihi akitazama paa. Mjenzi alijenga alichokiona kwenye karatasi, kama wajenzi wote. Musyu alipokwenda kukagua, vioo vya juu vilikuwa vikipachikwa, na shingo yake ilikuwa nyuma muda wote. Stoo ilipojazwa magogo mlango ukafichika, na Kalenga akahamia na mkeka, tezo zake na sufuria moja. Sikumwambia kitu. Mtu anayelala kando ya stoo yake hahitaji kuonyeshwa.

Ukumbi ulifunguliwa alasiri moja ya kiangazi. Nilisimama juu kwenye ukingo wa bakuli nikiwa na kitenge cha sare na glavu nyeupe, kati ya kofia za mabibi, nikisema maneno niliyokaririshwa kuhusu roho ya mti. Chini, ndani ya nuru, Kalenga alikaa chini miguu imenyooka, gogo kati ya magoti, akipiga tezo. Kila pigo lilipanda ukutani na kutufikia mara mbili. Ngozi ya lipu ilimeta. Nilijua kila kistari chake. Ilikuwa nzuri, na ilikuwa kama kumtazama mtu kisimani.

Aliacha kupiga. Akainua uso, akauzungusha polepole kwenye ukingo wote, kofia kwa kofia, mpaka akanipata. Hakutabasamu. "Minaenda kukamata muti ingine," alisema, bila kupaza sauti; bakuli lenyewe liliipandisha mpaka kwetu.

"Anasema nini?" aliuliza Madame Evrard.

"Anakwenda kuchukua gogo jingine."

Mwaka ule wote, hiyo ndiyo tafsiri yangu pekee iliyokuwa sahihi.

Aliingia stoo. Wageni walingoja kwa adabu wakitazama duara la nuru lenye gogo moja na vipande vyake. Bwana mmoja alisema mafundi ni watu wa kuchagua. Mwingine alitazama saa. Ilipopita nusu saa watu zaidi ya hamsini walikuwa bado wameegemea ukingo wakitazama chini mahali pasipo na mtu, na Madame Evrard, ambaye shingo yake ilianza kuwa nyekundu, akaniambia nishuke nimwangalie.

Stoo ilikuwa na mwanga. Magogo yalisogezwa kwa utaratibu, yakapangwa kulia na kushoto. Aproni ambayo chama kilimshonea ilikunjwa vizuri juu ya gogo. Mlango ulikuwa wazi, na nje palikuwa na nyasi za manjano, njia nyembamba ya miguu, kichuguu, na mbingu kubwa kuliko nilivyoikumbuka. Mtu hakuonekana. Nilisimama kizingitini nikiwa na glavu zangu. Hakuna aliyekuwa akiniona, na njia ile haikuuliza karatasi. Nimerudi pale mara nyingi sana kichwani, na kila mara nafanya nilichofanya siku ile. Niliushika mlango, nikaufunga vizuri, bila kuupiga, kama msichana aliyelelewa na masista, nikapanda ngazi kuwaambia kwamba hayupo.

Jumatatu Musyu alitandaza karatasi mezani, akatuita wote wawili kwenye chumba chenye madirisha. Kidole chake kiligusa mlango, kisha kona. "Herufi hizi ni za nani?"

"Zangu," alisema Donatien.

"Na mlango?"

Donatien aliinama. Watu waliokula wino meza moja wanajuana mikono. Robo duara zake zilikuwa nene, zangu nyembamba. Alitazama mstari ule muda ambao mtu husoma barua fupi mara mbili. Kisha akanitazama mimi. Musyu alifuata macho yake. "Mademoiselle?"

"Siujui, Musyu," nilisema. "Mimi nilichora ngazi."

Donatien hakusema mlango ni wake, wala hakusema si wake. "Herufi ni zangu," alirudia, akaenda kutoa koti kwenye kulabu. Aliyepoteza kazi alipoteza ruhusa ya kukaa mjini, na kadi ya ustaarabu haikusaidia. Baada ya siku chache alipandishwa treni. Jumatatu ile ile, pale stoo, alifunga kamba za viatu vyake kwa makini, akasimama mlangoni. "Mademoiselle," alisema, "jua utaangalia kwa ajili ya siye wawili."

Baada ya Kalenga kutoweka ukumbi haukuhitaji mwongozaji, na Musyu, ambaye sasa aliona nimebaki bila pa kuwekwa, aliandika barua. Ilikuwa barua nzuri. Ilitaja uaminifu wangu. Ilinifikisha shule ya uchoraji, kisha chuo kikuu, ambako niliacha kuchora. Nimewahi kuwaambia watu kwamba niliacha kwa sababu ya dhamiri. Kwa kweli nilikuwa mchoraji wa kawaida mwenye kona nzuri. Kalenga alirudi mjini baada ya uhuru, akajenga ile karakana isiyo na kuta. Ukumbi sasa ni ghala la unga, na ninapopita huwa napita mbele.

Simu ililia Jumanne saa nne asubuhi, siku ya kumi na moja baada ya barua.

"Alo? Mademoiselle?"

Nyuma yake palikuwa na watu wakiulizia dawa ya malaria. Alikuwa akipiga kutoka duka la dawa la mwanawe, Kampemba. Nilisema jina lake. Nikasema nimefurahi, neno la kijinga.

"Barua yako nimeisoma," alisema. "Kurasa ine. Weye ulikuwaka muntu wa kuchora mufupi, nani alikufundisha kuandika murefu?"

"Donatien, ni mimi."

"Najua ni weye. Nilijuaka tangu ile siku. Mukono yako iko nyepesi mu duara."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, bangetufukuza wote wawili. Moya alikuwa anatosha."

Hapo machozi niliyoyaandaa miaka mingi yalikuja, nami nikaanza: kwamba nitawaambia watu wote, nitakwenda kwa watoto wa Kalenga, nitaandika, jina lake yeye litasafishwa. Alinikatiza.

"Ngoja kwanza. Njo maana minapiga simu. Usiseme."

"Nisiseme?"

"Mademoiselle, bibi yangu ni nani?"

Sikujua hata kwamba alioa.

"Ni mutoto wa Kalenga. Wa kwanza." Nikakumbuka kile kiti cha mbele. "Muzee aliporudi, akauliza mujenzi nani alichora ule mulango. Mujenzi akasoma herufi. Muzee akanitafuta, siku ile nimerudi huku, sina kazi. Akanishika mikono yote mbili. Mi nikafungua kinywa niseme hapana, Baba, si mi. Binti yake akaleta maji." Alikohoa. "Nikakunywa maji."

"Donatien."

"Siku ya kuongea mahari, muzee akasimama mbele ya bantu yake yote. Akasema: huyu asiulizwe kintu, yake alishatoa. Ni mulango. Batoto saba, Mademoiselle. Sasa weye, na ile dhamiri yako mara sita, unataka nirudishe mwanamuke?"

Nilianza kucheka huku nikilia, jambo lisilofaa kwa mwanamke wa umri wangu, na yeye hakucheka.

"Weye uliuchora, ni kweli. Lakini treni nilipanda mi, siku tatu, na ile jino imeanza tena kuuma. Ule mulango ni wangu."

"Nimeshaanza kuandika," nilisema.

"Andika. Badilisha majina. Bajukuu yangu habasomake vitabu, lakini kuna bajirani." Nikadhani amemaliza. Nilisikia akisogeza simu sikio jingine. "Kintu moya tu. Ilikuwa na upana gani? Banaulizaka kila mara, na mi nasemaka mita moya, lakini muzee alikuwaka ananiangalia nikisema ivyo."

"Sabini na tano," nilisema.

"Sabini na tano kweli?"

"Na mita mbili kwenda juu."

"Ngoja." Alimwomba mwanawe kalamu. Nilisikia karatasi ikilazwa kwenye meza ya duka, na mkono mzito ukianza kuandika. "Sabini na tano," alisema polepole. "Mita mbili. Na ulikuwa unafunguka wapi?"

"Nje," nilisema.

"Inje," akaandika.